“Yamkini”: neno dogo la habari linalotaka kusikilizwa kwa makini

KIRUMBA – Kwa wakaaji wa Kirumba, kusini mwa wilaya ya Lubero, habari za usalama hufika kwa njia nyingi: radio, ujumbe wa simu, madereva wanaopita kwenye barabara ya taifa nambari 2, na jamaa walioko Butembo, Beni au Goma. Maneno mengi ya habari hizo yanajulikana na kila mtu. Lakini kuna moja linalorudi mara kwa mara, hasa panapotajwa idadi ya watu waliouawa, na ambalo wasikilizaji hawalielewi kwa namna moja. Neno hilo ni “yamkini”.

Taarifa ikisema “yamkini watu 20 wameuawa”, msikilizaji mmoja anaelewa kwamba miili 20 imehesabiwa na huenda wengine bado hawajaonekana. Wa pili anaelewa kwamba ni uvumi tu, kwamba labda ni 20, labda ni 5, labda hakuna hata mmoja. Wote wawili wamesikia sentensi ileile. Mmoja anaanza kutafuta habari za ndugu zake, mwingine anazima radio na kulala.

Katika eneo ambalo familia huamua kwa habari ya jioni kama asubuhi zitabaki au zitafunga mizigo, tofauti hiyo si jambo la walimu wa lugha peke yao.

Neno lisilosikika sokoni

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ya tarehe 18 Februari 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kifaransa ndicho lugha rasmi. Kirumba, kama Butembo na Beni, lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kinande, Kiswahili ni cha soko, barabara, kanisa na radio, na Kifaransa ni cha ofisi na shule.

Mtu wa Kirumba asiyekuwa na hakika ana maneno yake. Atasema “pengine watafika kesho”, “labda barabara imefunguliwa”, “inaweza kuwa kweli”. Mara nyingi atachota moja kwa moja kwenye Kifaransa na kusema “peut-être wameshafika”. Ni nadra kumsikia mama anayeuza mafuta ya mawese akimwambia mteja kwamba “yamkini” bei itapanda wiki ijayo.

Neno hilo limekuja na Kiswahili cha vitabu na cha matangazo. Idhaa za Kiswahili zinazosikika katika eneo hili zina historia ndefu: BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka wa 1957 na Deutsche Welle mwaka wa 1963. Radio Okapi, ya Umoja wa Mataifa, ilianza Februari 2002 na hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Kiswahili cha idhaa za nje kimejengwa juu ya kile cha Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, na huko ndiko maneno kama “yamkini”, “aghalabu” na “takriban” yanakotumiwa zaidi.

Lilikotoka na maana yake

“Yamkini” limetoka katika Kiarabu, kwenye neno “yumkin”, lenye maana ya “inawezekana”. Ndiyo sababu waandishi wengine huandika “yumkini”. Sura zote mbili zinakubalika. Ndani ya Kiswahili neno hili limezaa pia kitenzi. Mtu anaweza kusema jambo “linayumkinika”, yaani linaweza kutokea, au “haliyumkiniki”, yaani akili haikubali kwamba linaweza kutokea.

Kamusi huliweka “yamkini” karibu na “huenda” na “labda”. Hiyo ndiyo maana yake ya msingi: jambo linawezekana, lakini anayesema hajalithibitisha.

Kukaa karibu si kuwa sawa. Maneno haya ya kutokuwa na hakika yana asili mbalimbali, na asili hiyo husaidia kuonyesha uzito wa kila moja.

“Huenda” ni kitenzi “enda” kilichovaa “hu-” ya mazoea. Ni kama kusema “mambo huenda hivyo”. Mara nyingi huvuta kitenzi chenye “-ka-” nyuma yake: huenda akaja, huenda mvua ikanyesha. Hutazama mbele, kwa jambo ambalo bado halijafika.

“Pengine” asili yake ni mahali: pahali pengine, wakati mwingine. Asemaye “pengine” anaweka upande mmoja jambo hili na upande mwingine jambo lile, bila kuchagua.

“Labda” lina safari ya ajabu zaidi. Huhusishwa na maneno ya Kiarabu “la budda”, ambayo maana yake ni “hakuna kukwepa”, yaani lazima. Neno “budi”, tunalolisikia katika “hatuna budi kuondoka”, ni la ukoo huo huo. Kwa hiyo maneno yaliyobeba ulazima huko yalikotoka yalifika katika Kiswahili na kuwa neno la kubahatisha. Ni ushahidi kwamba neno la hakika linaweza kulegea kadiri watu wanavyolitumia.

“Yamkini”, katika matumizi ya waandishi waangalifu, husimama juu kidogo ya “labda”. Anayelitumia ana dalili mkononi. Akiona moshi nyuma ya kilima na kusikia milio, anaweza kusema: yamkini mapigano yamefika kijiji kile. Hajafika huko mwenyewe, lakini hajaota pia.

Matumizi katika Biblia na mashairi

Wakaaji wengi wa Lubero ambao hawajawahi kutamka “yamkini” wamelikuta kanisani. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyochapishwa mwaka wa 1952 na kuenea Afrika Mashariki nzima, inalitumia katika sehemu zinazojulikana sana.

Moja ni Matayo 24:24, ambapo Yesu anaonya juu ya manabii wa uongo wanaoweza kuwapoteza hata wateule, kama jambo hilo lingewezekana. Nyingine ni Warumi 12:18, ambapo Mtume Paulo anawataka waamini waishi kwa amani na watu wote, kama inawezekana, kwa kadiri inavyowategemea wao. Katika mistari yote miwili watafsiri waliandika “kama yamkini”.

Linalovutia ni kwamba katika Matayo 26:39, Yesu anapoomba Gethsemane kikombe kimwepuke, Kigiriki kina maneno yaleyale ya “kama inawezekana”, lakini tafsiri hiyo ya Kiswahili inaandika “ikiwezekana”. Maneno mamoja ya Kigiriki yakapewa sura mbili. Katika onyo na katika agizo, watafsiri walichagua neno zito la Kiarabu. Katika sala ya mtu mwenye uchungu, walichagua neno la kila siku.

Katika Mwanzo 18, Abrahamu anapoombea mji wa Sodoma, tafsiri hiyo inatumia “huenda”. Anaanza na wenye haki 50, anashuka hadi 45, 40, 30, 20, na mwisho 10. Biblia ya Kiingereza ya mwaka wa 1611 iliweka mahali hapo neno “peradventure”, ambalo leo Waingereza wenyewe hawalisemi tena ila kwa mzaha au wakisoma vitabu vya zamani. Abrahamu hadai kwamba anajua hesabu. Anatumia neno la kutokuwa na hakika ili watu wasiangamizwe. Ni vema kulikumbuka hilo, kwa sababu katika habari za vita neno la namna hiyo linaweza kufanya kazi iliyo kinyume kabisa.

Washairi nao wana sababu yao ya kulipenda “yamkini”. Katika hesabu ya mizani, neno hili lina silabi nne: ya-m-ki-ni, kwa kuwa “m” inahesabiwa peke yake. Mstari wa utenzi una mizani 8, kwa hiyo neno hili moja hujaza nusu ya mstari. Tena linaishia na “-ni”, kina ambacho ni rahisi kupatiwa wenzake katika Kiswahili. “Huenda” na “pengine” yana mizani tatu tatu. Mara nyingine mshairi huchagua “yamkini” kwa sababu linatosha mahali pake.

Mwandishi wa habari hana ruhusa hiyo. Yeye hachagui neno kwa mizani. Anachagua kwa ukweli aliokuwa nao wakati wa kuandika.

Tatizo linapoanza: neno mbele ya idadi

Katika vichwa vya habari vya Kiswahili, “yamkini” limezoea kusimama mbele ya idadi ya wafu. Mara nyingi habari yenyewe imetoka kwenye shirika la habari la Kifaransa au Kiingereza, na katika lugha hiyo ya kwanza iliandikwa “si chini ya watu 20”. Kwa Kifaransa ni “au moins 20 morts”.

Maneno hayo mawili hayasemi jambo moja. “Si chini ya 20” ni sakafu: 20 wamehesabiwa, idadi inaweza kupanda, haiwezi kushuka. “Yamkini 20”, kwa maana ya msingi, ni makadirio: inaweza kuwa 20, inaweza isiwe. Mtangazaji anayelitumia “yamkini” akitaka kusema sakafu anamwachia msikilizaji kazi ya kukisia. Wasikilizaji waliozoea mtindo huo wa radio wataelewa. Wengine watalitafsiri kwa neno wanalolijua, yaani “labda” au “peut-être”.

Hapo ndipo habari inapopotea njiani. Ripoti imeandikwa kwa Kifaransa kwamba watu wasiopungua 20 wamekufa. Radio inasema “yamkini watu 20”. Msikilizaji wa Kirumba anampigia ndugu yake wa Butembo na kusema “peut-être 20”. Ndugu yake anamwambia jirani kwamba bado haijulikani kama kuna watu waliokufa. Hakuna aliyesema uongo katika mnyororo huo, na bado wafu 20 wamegeuka kuwa tetesi.

Mfano wa Kishishe

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanajua jinsi idadi ya wafu inavyogombaniwa. Mwishoni mwa Novemba 2022, raia waliuawa huko Kishishe, katika wilaya ya Rutshuru, upande wa kusini wa Lubero. Siku chache baadaye hesabu tatu zilikuwa zikizunguka. Serikali, kupitia waziri Julien Paluku, ilitaja watu 272. Waasi wa M23 walisema raia 8 waliuawa kwa risasi zilizopotea. Umoja wa Mataifa, katika uchunguzi wake wa kwanza, ulitaja raia wasiopungua 131 waliouawa tarehe 29 na 30 Novemba huko Kishishe na Bambo.

Neno “wasiopungua” lilikuwa na kazi maalumu katika hesabu hiyo ya tatu. Lilisema: hawa tumewathibitisha kwa ushahidi tulioupata, na mlango wa kuongeza uko wazi. Badala yake mtu akiandika “yamkini raia 131”, mlango unafunguka pande zote mbili. Anayetaka kukana atasema hata wachunguzi wenyewe hawakuwa na hakika.

Ndiyo maana wanaoandika na kusoma habari kwa Kiswahili wanahitaji kutenganisha maneno haya:

• “Wasiopungua 20”, au “kwa uchache 20”: hao wamehesabiwa. Idadi inaweza kupanda tu.

• “Zaidi ya 20”: idadi imekwisha kupita 20.

• “Takriban 20”: ni karibu ya 20, juu kidogo au chini kidogo. Neno hili lina shina moja la Kiarabu na “karibu”.

• “Hadi 20”: 20 ndiyo dari. Wanaweza kuwa wachache zaidi.

• “Yamkini 20”: kuna dalili za idadi hiyo, lakini haijathibitishwa.

Katika orodha hii hakuna neno baya. Kila moja lina mahali pake, mradi anayelitumia ajue anachoahidi.

Ebola ilishatoa somo

Wakaaji wa Butembo na Beni wamewahi kuona jinsi daraja za hakika zinavyogusa maisha. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliacha hesabu ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kati ya wagonjwa hao, 3,317 walithibitishwa na maabara. Waliobaki, 153, waliandikwa kwa Kifaransa kuwa “probables”.

Watu hao hawakuwa watu wa kubahatisha. Kwa lugha ya madaktari, mgonjwa wa kundi hilo kwa kawaida ni mtu aliyekuwa na dalili, aliyehusiana na mgonjwa aliyethibitishwa, na ambaye maabara haikupata sampuli yake, mara nyingi kwa sababu alikufa na kuzikwa mapema. Chini yake kulikuwa na daraja nyingine, ya wanaoshukiwa, ambao wengi wao walipimwa na kuonekana hawana Ebola.

Kwa Kiswahili, kumwita kila mmoja wao “labda ana Ebola” kulimaanisha kuchanganya aliyekufa akiwa na dalili zote na yule mwenye homa ya malaria anayesubiri majibu. Hapo ndipo neno kama “yamkini” lingefaa kweli kwa daraja ya kati: kuna dalili, kuna uhusiano, uthibitisho haupo. Wakati ule wengi walikuwa hawaamini kwamba ugonjwa upo, na vituo vya matibabu vya Butembo na Katwa vilishambuliwa mapema mwaka wa 2019. Namna ya kusema “tunajua” na “bado hatujui” ilikuwa sehemu ya kazi ya kuokoa maisha.

Kirumba tangu Juni 2024

Mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, kisha Kirumba. Watu wengi sana walikimbia kuelekea kaskazini, Lubero na Butembo. Katika siku kama hizo, swali la kila nyumba lilikuwa ni moja: wamefika wapi?

Swali hilo hujibiwa kwa maneno madogo. “Wamefika Kayna” ni habari. “Wanasemekana wamefika Kayna” ni maneno ya watu. “Huenda wakafika Kayna” ni hofu ya kesho. “Yamkini wamefika Kayna” ni hitimisho la mtu aliyeona dalili: magari yamekoma kuja kutoka upande ule, simu za huko hazipatikani, watu wanapita na magodoro kichwani.

Familia inayosikia la mwisho ikalichukua kama la kwanza inaweza kuondoka usiku na watoto, ikaacha shamba la maharagwe lililo tayari kuvunwa. Ikilichukua kama “labda” la kawaida, inaweza kuchelewa. Na yule aliyekwisha kukimbia yuko katika hali hiyo hiyo anaposikia kwamba usalama “yamkini” umerudi kijijini kwake.

Anayesikia “yamkini” kwenye radio au kwenye ujumbe wa simu ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuamua. Nani amesema? Ameona dalili gani? Amezipata lini? Ikiwa taarifa ina majibu, neno hilo limetumiwa sawasawa na linastahili kuchukuliwa kwa uzito. Ikiwa haina, basi limetumiwa kama pambo, na ni afadhali kutafuta chanzo kingine.

Kwa watangazaji wa radio za mitaa za Lubero, Butembo na Beni, kazi ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Panapotakiwa “au moins”, waseme “wasiopungua” au “kwa uchache”. Panapotakiwa “environ”, waseme “karibu” au “takriban”. “Yamkini” libaki kwa lile lililo na dalili bila uthibitisho, na dalili zenyewe zitajwe katika sentensi inayofuata. Msikilizaji asiyelijua neno atalielewa kwa yale yanayolifuata.

Amani nayo ina “yamkini” yake

Katika agizo la Paulo kwa Warumi, neno hili halilegezi wajibu. Linagawanya kazi. Amani haimtegemei mtu mmoja, kwa hiyo mtume hamwahidi mtu yeyote kwamba itapatikana. Lakini lipo fungu lililo mikononi mwa kila mtu, na fungu hilo halina “yamkini”. Ndilo analoagiza lifanywe.

Kwa wanaoandika, kusoma na kupitisha habari katika Kivu ya Kaskazini, fungu hilo linajumuisha maneno. Hawawezi kusimamisha vita. Wanaweza kukataa kuwapunguza wafu kwa neno lililowekwa vibaya, na wanaweza kukataa kuwatisha walio hai kwa hakika wasiyokuwa nayo.

Kiswahili chenyewe kimeweka ukumbusho mzuri hapo. Shina la Kiarabu lililotupa “yamkini”, lenye herufi m, k na n, ndilo lililotupa pia neno linalojulikana katika kila darasa la Kirumba: “makini”. Anayesema “yamkini” anakiri kwamba bado hajathibitisha. Inabaki kazi ya kuwa makini mpaka athibitishe.